Vumbi Juu ya Gari Jeusi

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa gari. Niligusa mlango. Ulikuwa mlango mweusi uliong'olewa kwenye gari bovu, umeegemezwa ukutani nyuma ya kituo chetu cha kuoshea magari pale Makambako, na msimamizi, Mama Upendo, aliniambia niuoshe kama vile ni wa gari la bibi harusi. Nilikuwa nimemaliza chuo mwaka uliotangulia, nina shahada ya mipango, na nilikuwa nimevaa blauzi niliyoishonea usaili wa kazi ambao sikuwahi kuitwa.

"Vua pete," alisema kabla sijashika sponji. "Na mkanda."

Nikamweleza kwamba pete ile ni ya rozari, nilipewa siku ya kipaimara.

"Hata kama askofu mwenyewe ndiye aliyekuvisha, ivue. Rangi ya gari haina dini."

Nikaivua, nikaitia kwenye kiatu kwa sababu niliogopa mfuko ungetoboka. Halafu nikasimama mbele ya ule mlango nikiwaza nianzie wapi. Nikianzia juu, maji machafu yatashuka chini, sawa, lakini chini kukikauka kabla sijafika? Nikianzia chini, nitakuwa naokota mchanga na kuupeleka juu. Nilisimama hivyo mpaka Mama Upendo akapita na ndoo mkononi.

"Yustina, mlango huo unauosha au unauposa?"

Wenzangu walicheka, na tangu siku hiyo waliniita Msomi. Ninaandika haya kwa ajili ya ninyi mnaomaliza shule sasa na kujikuta mmeshika sponji huku cheti kiko kabatini. Nimeifanya kazi hii hadi nimeiacha, na kabla sijasahau mikono yangu ilivyokuwa ikifanya, ni vyema niwaachie.

Jambo la kwanza kulielewa ni kwamba gari haliharibiwi na uchafu. Linaharibiwa na namna ya kuuondoa. Juu ya rangi ya gari kuna utando mwembamba usio na rangi, ndio unaong'aa, na utando huo ni laini kuliko unavyodhani. Vumbi letu la nyanda za juu, lile jekundu, ukilitazama kwa karibu ni mchanga uliosagika. Ukilisugua juu ya utando huo unauchora. Mchoro mmoja hauonekani. Michoro mingi inaonekana jua likiwa chini, asubuhi au jioni, kama utando wa buibui juu ya boneti. Hapo mwenye gari husema gari lake limezeeka.

Kwa hiyo tulianza na maji matupu. Maji mengi, kutoka paa kushuka chini, bila kugusa kitu chochote, ili mchanga wote unaokubali kuondoka wenyewe uondoke. Mashine ya presha tulikuwa nayo, lakini Mama Upendo hakuturuhusu kuisogeza karibu na mahali rangi ilipobanduka, kwa sababu maji yale huingia chini ya rangi na kuibandua zaidi. Baada ya hapo ndipo zilipokuja ndoo mbili. Moja ya sabuni, nyingine ya maji ya kusuuzia sponji. Kila ukipitisha sponji kwenye gari, unaisuuza kwanza kwenye ndoo ya pili, ndipo unairudisha kwenye sabuni. Chini ya ndoo ya kusuuzia tulilaza kipande cha kreti ya soda kilichokatwa kwa msumeno, mchanga uzame chini ya matundu yake na usirudi kwenye sponji. Tairi na rimu zilikuwa na ndoo na brashi zake, na ole wako uonekane umezitumia kwenye mlango.

Sabuni ilikuwa ugomvi wa kila siku. Wateja wa Makambako wanapenda povu. Dereva wa masafa marefu, akitoka Tunduma na vumbi la barabara nzima, anataka gari lake lipotee ndani ya povu kama shuka ndani ya karai. Wengi hununua sabuni ya unga ya kufulia na kutuletea wenyewe. Sabuni ile inang'oa polishi yote iliyopakwa, rangi inabaki uchi. Mama Upendo aliipokea kwa heshima, akashukuru, akaiweka kando, akatumia shampuu ya magari, na jioni akaifulia mataulo.

Kukausha nako kuna adabu yake. Unalaza taulo laini juu ya boneti, unalikandamiza kwa viganja linywe maji, unaliinua. Husugui. Taulo likianguka chini, limestaafu siku hiyo, linakwenda kufutia rimu. Nilikuwa na wasiwasi sana na mataulo. Nikiliona moja limeninginia karibu na ardhi nilijiuliza kama limegusa au halijagusa, na kwa kuwa sikuwa na hakika, nalo nililistaafisha. Mama Upendo aliniambia kwamba kwa mwendo wangu kituo kizima kingebaki na rimu safi na magari yaliyolowa.

Nilipozoea, Bosi, mwenye kituo, aliamua kufungua kingine Njombe. Aliniita ofisini, chumba chenye kiti kimoja ambacho alikuwa amekikalia yeye.

"Wewe unafikiri sana," alisema.

Nikaanza kuomba radhi.

"Sijasema ni kosa. Nenda Njombe ukasimamie. Kule baridi, asubuhi magari hayaji. Utapata muda wa kufikiri mpaka uchoke."

Alikuwa sahihi kuhusu asubuhi. Miezi ya baridi kali, Njombe magari huamka yamefunikwa barafu nyembamba nyeupe, na kuna watu wema wanaoona huruma na kumwagia kioo cha mbele maji ya moto ya birika. Nimeona kioo kikipasuka kutoka kona hadi kona kwa huruma ya namna hiyo. Tulingoja jua. Huku tulikutana pia na utomvu wa mipaini, kwa sababu magari mengi yanalala karibu na mashamba ya miti. Utomvu haukwanguliwi kwa kucha. Unaupaka mafuta ya kupikia kidogo, unauacha ulainike, unaufuta taratibu, kisha unaosha sehemu hiyo upya.

Sasa niwaeleze kuhusu Baba Faraja.

Alikuwa dereva wa Meneja wa kampuni moja ya mashamba ya miti. Nilimfahamu tangu Makambako, mtu mfupi, mpole, mwenyeji wa Mahongole, aliyekuwa akinisalimia "Kamwene" kwa Kibena ingawa alijua Kibena changu kinaishia hapo hapo. Gari alilokuwa akiendesha lilikuwa jeusi, la kampuni, jipya alipokabidhiwa. Kila walipokuja Njombe kwa vikao, alilileta kwetu. Na kila alipokuwa akimngoja Meneja nje ya jengo lolote, utamkuta amesimama pembeni ya gari na kitambaa kikavu mkononi, anafuta vumbi. Madereva wote wa mabosi hufanya hivyo huku kwetu. Wanajipanga nje ya hoteli, wanapiga soga, kila mmoja anafuta lake. Dereva asiyefuta huonekana mvivu, au ana ugomvi na bosi wake.

Alikuwa amebakiza miezi michache astaafu. Alikuwa akiizungumzia siku hiyo kama mtu anayezungumzia kuvuna.

Asubuhi moja ya baridi, jua ndiyo kwanza linachomoza, Meneja alikuja naye kituoni. Hakuwahi kuja kabla. Alishuka akiwa amevaa koti refu, akanipita bila salamu, akaenda kusimama mbele ya boneti, akainama usawa wa mwanga.

"Dada, njoo uone kazi yenu."

Nilienda. Boneti nzima, kuanzia taa hadi kioo, ilikuwa na ule utando wa buibui.

"Gari hili linaoshwa hapa tu," alisema Meneja. "Au siyo, mzee?"

"Hapa na Makambako, bosi," alijibu Baba Faraja. "Kwa hawa hawa."

"Basi ama hawa wanatumia sponji zenye mchanga, ama wewe unaliosha mtoni na kula hela ya kuoshea. Mmoja kati yenu ameharibu gari la kampuni. Nina kikao mpaka mchana. Nikirudi nataka kujua ni nani. Kama ni kituo, gari haliji tena hapa na nitawaambia na wenzangu. Kama ni wewe, mzee, utanikabidhi funguo, na huko kustaafu kwako utakwenda na barua ya kuachishwa."

Akaondoka kwa miguu kuelekea mjini, mikono mfukoni.

Wakati anasema, macho yangu yalikuwa yamekwisha kutangulia kwenye paa. Nilipanda kigoda tunachotumia kuoshea paa nikaangalia. Kingo za paa zilikuwa zimechorwa kama boneti. Katikati palikuwa safi, peusi kama maji ya kisimani, hapana mchoro hata mmoja. Sponji yetu ilikuwa ikifika katikati kila lilipooshwa, kwa sababu ya kile kigoda. Mkono wa mtu mfupi aliyesimama chini haufiki.

Nilibaki juu ya kigoda nikiwa na jibu ambalo sikulitaka. Nikilisema, kituo kinapona na Baba Faraja anakwisha. Nisipolisema, wenzangu niliowafundisha ndoo mbili wanaitwa waharibifu kwa kitu ambacho hawakufanya. Nikatafuta jibu la tatu. Labda ni matawi ya mipaini? Matawi yangechora ubavuni, tena mistari mirefu. Labda kituo kingine? Hakuna.

"Umeona nini huko?" aliuliza Baba Faraja kutoka chini.

"Sijui bado, Baba."

"Unajua. Uso wako hauna pazia, binti. Sema tu. Kama ni vijana wako, sitawasemea vibaya. Watu hukosea."

Alidhani ni sisi. Alikuwa amejiandaa kutusamehe. Hilo ndilo lililonishusha kwenye kigoda. Nikamwambia apande aone mwenyewe. Alipanda, akashika ukingo, akatazama katikati ya paa, kisha akatazama mkono wake. Hakuhitaji kuelezwa. Aliteremka polepole akaketi juu ya kigoda kile kile.

"Kitambaa," alisema.

"Siyo kitambaa, ni vumbi. Kitambaa kinalisukuma tu."

"Nimelifuta gari hili kila mlangoni lilipoegeshwa. Unajua siku ya kwanza aliniambia nini? Alisema, mzee, mimi sitaki kufika mahali watu wakaona vumbi kwenye gari langu. Nami nikamwambia, bosi, hutaliona."

Nikampigia simu Mama Upendo. Nilimweleza yote kwa mkupuo, paa, mkono, kustaafu, barua, na kwamba nilikuwa nawaza kusema ni sisi.

"Usiseme ni ninyi," alisema. "Ukisema uongo leo, kesho atawauliza mmebadilisha nini, na utasema nini? Kisha yule mzee ataendelea kufuta."

"Basi nimtetee vipi?"

"Usimtetee mtu, Yustina. Ukimtetea mtu, bosi anasikia ugomvi. Mwoneshe gari. Gari halina cheo. Na pigeni polishi nusu ya boneti, aone kwamba inatoka. Mtu akijua kitu kinatengenezeka hasira inakuwa na mahali pa kukaa."

Tuliliosha gari, tukalisukuma kivulini, kwa sababu polishi haipigwi juani, inakaukia juu ya rangi. Nikaigawa boneti kwa utepe wa karatasi, upande mmoja nikauacha. Nilipiga kwa mkono, kidogo kidogo, nikigeuza kitambaa mara kwa mara ili nisirudishe uchafu. Polishi ya namna hii si mafuta ya kung'arisha tu. Inakwangua kiasi kidogo sana cha ule utando ili mikwaruzo ipungue, ndiyo maana haifanywi ovyo. Ukiizoea kila mwezi, siku moja utafika kwenye rangi yenyewe. Baba Faraja alikaa akinitazama, amekunja mikono kifuani kama mtu asiyejua pa kuiweka.

Meneja aliporudi, nilikuwa nimeandaa sentensi nyingi. Zote zilipotea. Nikasema tu, "Bosi, naomba upande hapa."

"Mimi?"

"Ndiyo. Uone paa."

Alitazama kigoda, akatazama viatu vyake, akapanda akiwa ameshikilia bega la kijana wetu mmoja. Nikamulika kwa tochi ya simu kutoka pembeni, nikamwonesha kingo na katikati. Nikamwambia sisi huosha paa lote kwa sponji ile ile tunayooshea boneti. Kama sponji ndiyo iliyochora, katikati nako kungechorwa. Kilichochora ni kitu kisichofika katikati, na kimefanywa gari likiwa kavu na lina vumbi.

Alikuwa bado juu ya kigoda aliposema, "Kitu gani?"

"Ni mkono wangu, bosi," alisema Baba Faraja. Alikuwa amesimama. "Ninapofuta vumbi. Sikujua. Huyu binti hajanisingizia."

Meneja alishuka. Alizunguka gari lote. Alipofika kwenye utepe katikati ya boneti alisimama, akatazama upande uliong'aa, akatazama ule mwingine. Sikujua kama ninyamaze au niseme, na nilikuwa nimekwisha kuhesabu hatari za kila njia, lakini mdomo ulitangulia.

"Bosi, alikuwa akitii. Madereva wote wanafuta. Nenda ukatazame magari yote pale hotelini, yako hivi hivi."

"Nilikuambia nini siku ya kwanza, mzee?" Meneja aliuliza bila kugeuka.

"Kwamba hutaki watu waone vumbi."

Akapitisha kidole kwenye ukingo wa utepe. Nilisikia maji yakichuruzika kwenye mfereji wetu.

"Na asipofuta?" aliniuliza mimi.

"Gari litakuwa na vumbi mpaka litakapooshwa."

"Watu wataonaje?"

"Wataona kwamba umetoka barabarani, bosi."

Hakucheka, lakini alitazama chini. Kisha akamwambia Baba Faraja awashe gari.

"Sijamaliza nusu ya pili," nilisema.

"Utamaliza wiki ijayo. Mzee, kuanzia leo usifute."

"Na tukifika wilayani Igwachanya, wakuu wako nje wanangoja?"

"Wangoje gari lenye vumbi."

Hakuomba radhi, na barua hakuitaja tena. Nimefikiria mara nyingi kama angeweza kutuomba radhi, na nimeona kwamba kwa mtu wa namna ile, kuamuru kinyume cha amri yake mwenyewe mbele ya waosha magari ndiyo ilikuwa radhi.

Kilichofuata kilikuwa kigumu kwa Baba Faraja kuliko kwa gari. Hakujua afanye nini na asubuhi zake. Pale hotelini madereva wengine walimwandama. "Mzee amegoma." "Mzee ameanza kustaafu akiwa njiani." Mmoja alimuuliza kama kitambaa kimeliwa na panya. Alinisimulia akiwa ameudhika kweli. Alisema mara mbili alijikuta ameinua mkono, akaushusha, akajifanya anajikuna. Lakini baadaye alianza kuwaambia wapande kigoda wakaone mapaa yao. Baadhi walipanda. Wakaja kwetu wamenyong'onyea, nasi tukawaeleza: kama lazima ufute, mwagia maji kwanza, hata ya chupa.

Mimi nimeondoka kazini juzi juzi. Nimepata nafasi ofisini Igwachanya, nafasi ya mipango niliyoisomea. Watu wananipongeza kama mtu aliyeponyoka. Sikuwa nimejificha pale nikingoja maisha. Nilikuwa kazini. Wasiwasi wangu, ambao chuoni ulinikosesha usingizi bila faida, ulikuwa na kazi ya kufanya mbele ya gari jeusi. Huko ofisini sijui kama nitapata kitu cha kuuhangaisha vizuri kiasi kile. Mikono yangu imekuwa migumu na mikavu kwa baridi na shampuu, na nikisalimiana na watu wa ofisini huwa wanaitazama. Nilijaribu kuirudisha pete yangu kidoleni. Imekataa kupita kwenye kifundo, sasa ninaivaa kidole kidogo.

Wiki yangu ya mwisho ilikuwa pia ya mwisho kwa Baba Faraja. Familia yake iliandaa chakula Mahongole, tukaalikwa mimi na Mama Upendo. Tulikuwa tumekaa uani tulipoliona gari jeusi linakuja kwa njia ya mashambani, vumbi limelifunika hadi halina rangi. Meneja ndiye aliyekuwa akiendesha. Baba Faraja alikuwa kiti cha nyuma, amevaa suti, amekaa wima kama mgeni.

Waliposhuka, watu walipiga vigelegele, wakamvisha Baba Faraja mgolole, shuka la heshima, wakaanza kumsogeza kwenye kiti kilichowekwa mbele. Hakufika. Watoto wa majirani walikuwa wamelizunguka gari, na mmoja alikuwa amenyoosha kidole kwenye boneti, tayari kuandika jina lake kwenye vumbi. Baba Faraja aligeuka na suti na mgolole wake, akaenda kusimama kati ya watoto na gari.

"Msiguse. Tazameni kwa macho."

"Waache, mzee," Meneja alisema. "Njoo ukae. Leo si gari lako tena."

"Najua, bosi." Hakusogea. Mke wake alikuwa akimwita, chakula kilikuwa kinapoa. "Wewe kula kwanza. Likishaondoka, nitakaa."